Weka Alama Kisanduku Kimoja

Ijumaa, Mbarara. Mvua ilituwahi darasani.
Mhadhiri akagawa karatasi yenye visanduku vinne:
Unajifunza kwa kuona? Kwa kusikia?
Kwa kusoma na kuandika? Kwa kugusa na kutenda?
Weka alama kisanduku kimoja. Usiandike jina.

Wenzangu walijijua kama mtu ajuavyo kwao.

Kyomuhangi ni jicho. Alichora moyo kwenye sakafu ya chumba chetu,
chaki nyekundu, chaki ya buluu, vali nne zikiwa wazi,
tukawa tunaruka tusikanyage aorta
tukienda kuchemsha chai.

Nabwire ni sikio. Alisoma bafuni kwa sauti, bomba likivuja,
akidai kuta za mle hurudisha neno likiwa limenenepa.
Mishipa ya fahamu ya mkono aliitungia ubeti,
hosteli nzima ikauchoka:

    Mizizi mitano chini, mashina yake matatu,
    Yagawanyika njiani, sita hesabu si tatu,
    Kamba tatu za kwapani, zashuka mkono wetu,
    Matawi mwisho matano, mkono ukainuka.

Lamwaka hakuamini kitu asichokishika.
Alifuma bega zima kwa nyuzi za katani na vifuniko vya soda,
akalitundika juu ya kitanda. Usiku upepo ukiingia
bega lilitikisika kama linalokataa jambo.

Na mimi, mtoto wa Koboko?
Nilisoma. Nilipiga mistari ya njano hadi ukurasa wote ukawa njano,
ikawa sawa na kutopiga hata mmoja.
Nilichora moyo, likatoka gunia.
Niliimba ubeti wa Nabwire, nikajikuta najua vina, sijui mishipa.
Anatomia: thelathini na nane.
Ile karatasi niliikunja tupu, nikaitia mfukoni mwa koti jeupe.

Mwaka wa tatu, wadi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja.
Bagyenda, mkulima wa ndizi kutoka Isingiro,
alikunywa tonto arusini kwa mpwawe, akalala kitini,
mkono umening'inia juu ya egemeo hadi jogoo.
Kinyankole sikijui. Sista Kembabazi akanitafsiria:
“Anasema yeye ameamka, mkono haujaamka.”

Nikakishika kiganja.
Kizito, utomvu mweusi wa migomba umeingia kwenye mistari yake,
kikaanguka kutoka kwenye kifundo kama jani lililovunjwa uti.
Inua, nikasema.
Alikaza macho, akakaza shingo,
hata vidole vya miguu vikajikunja chini ya shuka.
Kiganja hakikupata habari.

Vidole vyangu vikapanda vyenyewe nyuma ya mkono wake,
pale mshipa unapouzunguka mfupa, mwembamba, bila kinga,
mahali ambapo ubao wa kiti unaweza kuubana usiku kucha.
Nikasikia katani ikitikisika.
Nikaona buluu ya chaki.
Mahali fulani bomba linavuja na mtu anaimba
mkono ukainuka,
nao ule haukuinuka,
na jina la mshipa likanitoka mdomoni kabla sijalitafuta.

Daktari mkuu akageuka. “Hili umesoma wapi?”
Nikakosa jibu. Nilikuwa bado nimemshika Bagyenda mkono,
naye, nadhani kwa heshima tu, hakuuondoa.

Koti lilifuliwa na karatasi ikiwa ndani.
Ilitoka bonge, visanduku vinne vimeshikamana,
nikajaribu kuvibandua kwa ukucha, nikaacha.

Mwezi wa tatu tangu hapo, kwenye ujia wa kliniki,
mtu alisimama mbele yangu na hakusema neno la kutafsiriwa.
Aliunyoosha mkono, akakiinua kiganja taratibu,
kama askari wa barabarani anayezuia lori.

Nikasimama.